Otto Loewi (1873-1961) na Hatima ya Kitu cha Vagusi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu maisha ya Otto Loewi, mwanafamakolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyethibitisha kwamba neva hupeleka amri zake kwenye moyo kwa njia ya kemikali. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila msimulizi huanza na ndoto. Nasi tutaifikia ndoto hiyo kwa wakati wake, lakini shabaha yetu ni nyingine. Tunashikilia kwamba ndoto ilimpa Loewi jaribio tu. Kilichomfanya aaminiwe ni kazi iliyofuata, ya miaka 5 hivi, ya kutafuta ni kwa nini ushahidi wake ulikuwa ukitoweka upesi kiasi kile. Kilichokuwa kikiutowesha ni kimeng'enya.

Kimeng'enya chenyewe siku hizi huitwa asetilikolinesterasi. Kimo katika ubongo, katika misuli na katika damu, na mtafiti wa leo hana haja ya kuchinja mnyama ili akipate. Jeni ya binadamu inayobeba maelekezo ya kukiunda huchukuliwa na kupandikizwa katika seli zinazokuzwa maabara, mara nyingi seli ambazo asili yake ni figo la kiinitete cha binadamu. Seli hizo hukitengeneza kimeng'enya na kukitoa katika majimaji zinamokuzwa. Kisha husafishwa, hupimwa na kutiwa katika vichupa. Anayekichukua kichupa hicho na kujaribia dawa mpya anashika kitu ambacho Loewi alikijua kwa athari zake tu, wala hakupata kukiona.

Mwandishi wa makala haya si mwanasayansi wa maabara bali ni mwanaisimu, na aliyemvuta kwa Loewi ni istilahi yetu wenyewe. Neno kimeng'enya limeundwa kutokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu hadi kikawa vipande vidogo vidogo, kama tumbo linavyofanya kwa chakula. Istilahi hii inakifaa sana kimeng'enya cha Loewi, ambacho kazi yake yote ni kuvunja. Haiwafai vizuri ndugu zake wanaojenga, na wako wengi. Kwa hakika, kipo kimeng'enya kingine katika neva hizo hizo ambacho huunda kile ambacho hiki huvunja. Tutaona hapa chini kwamba Loewi naye alikabiliwa na suala la kukipa jina kitu asichokijua, na jinsi alivyolitatua inastahili kuangaliwa na kila mtu ashughulikaye na uundaji wa maneno.

2.0 Kutoka sanaa hadi sumu

Loewi alizaliwa tarehe 3 Juni 1873 mjini Frankfurt am Main, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Jakob, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Shuleni kijana huyu alifanya vizuri katika lugha za kale na masomo ya utu, na vibaya katika hisabati na fizikia. Alitamani kusoma historia ya sanaa. Wazee wake hawakuona mkate katika sanaa, wakamsihi asome udaktari, naye akatii. Mwaka 1891 akaingia Chuo Kikuu cha Strassburg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na leo umo Ufaransa.

Utii wake haukuwa kamili. Mara nyingi aliyaacha madarasa ya tiba akaenda kuwasikiliza walimu wa falsafa na wa usanifu majengo, na mtihani wa kwanza wa udaktari, mwaka 1893, aliupita kwa kuponea chupuchupu. Baadaye alijirudi. Tasnifu yake, aliyoifanya chini ya Oswald Schmiedeberg, mmoja wa waasisi wa famakolojia, ilihusu athari za baadhi ya sumu juu ya moyo wa chura uliotolewa mwilini. Alitunukiwa shahada mwaka 1896. Msomaji na aukumbuke moyo huo wa chura.

Alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya mji wa Frankfurt. Huko alishuhudia wagonjwa wa kifua kikuu na wa homa ya mapafu wakifa mmoja baada ya mwingine, na daktari hana la kuwapa. Wengine wangelikata tamaa ya elimu. Yeye alikata tamaa ya wodi. Mwaka 1898 akahamia Marburg kuwa msaidizi wa Hans Horst Meyer katika famakolojia. Mwaka 1902 alichapisha matokeo yaliyomtangaza jina: kwamba mwili wa mnyama unaweza kujijengea protini zake kutokana na vipande vidogo vya protini iliyokwisha vunjwa. Hata hapo, basi, swali lake lilikuwa la kuvunjwa na kujengwa.

Mwaka huo huo wa 1902 alisafiri kwenda London, katika maabara ya Ernest Starling, akaonana na Henry Dale, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 2. Urafiki wao ulidumu hadi kifo. Alimfuata Meyer Vienna mwaka 1905, akamwoa Guida Goldschmiedt mwaka 1908, wakajaliwa watoto 4, na mwaka 1909 akapewa kiti cha uprofesa wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha Graz, Austria. Alikaa hapo miaka 29.

3.0 Ndoto na mioyo miwili

Kufahamu uzito wa kazi yake, inafaa kukumbuka jinsi wataalamu walivyofikiri wakati ule. Ilijulikana kwamba neva iitwayo vagusi, itokayo katika ubongo na kushuka hadi kifuani, ikisisimuliwa hupunguza mapigo ya moyo, na kwamba neva nyingine huyaongeza. Kilichobishaniwa ni namna neva inavyovuka mpaka kati yake na msuli. Wengi waliona ni umeme tu, unaoruka kutoka huku hadi kule. Wachache walikisia kemikali. Loewi mwenyewe, mwaka 1903, alipokuwa akizungumza na Walter Fletcher, alidokeza kwamba huenda ncha za vagusi zina kitu kinachofanana na muskarini, sumu ya uyoga. Mwaka 1904 Thomas Elliott naye alipendekeza jambo la namna hiyo kuhusu adrenalini. Mwaka 1914 Dale alieleza jinsi kemikali iitwayo asetilikolini inavyoiga kazi ya neva za aina ya vagusi. Hata hivyo hakuna aliyekuwa amepata njia ya kuthibitisha. Loewi alilisahau wazo lake kwa miaka 17.

Ndipo ilipokuja ndoto. Kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa mkesha wa Jumapili ya Pasaka, mwaka 1920. Aliamka usiku, akaandika maneno machache katika kipande cha karatasi, akalala tena. Kulipokucha alijua kwamba ameandika jambo kubwa, lakini hakuweza kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata, saa 9, wazo likarudi. Safari hii hakuliamini karatasi. Aliondoka akaenda maabara saa ile ile.

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Alichukua mioyo 2 ya vyura. Mmoja aliuacha na neva yake ya vagusi, wa pili akaukata neva. Kila moyo aliuunga na mrija mdogo wenye maji ya chumvi yanayouwezesha kuendelea kupiga. Aliisisimua vagusi ya moyo wa kwanza kwa dakika chache, mapigo yakapungua. Kisha akayachukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia katika ule wa pili, usio na neva. Nao ukapunguza mapigo, kana kwamba neva yake ipo na imesisimuliwa. Alipoisisimua neva inayoongeza mapigo na kuyahamisha maji vile vile, moyo wa pili ukaenda mbio. Umeme hauhamishwi kwa mrija wa maji. Kilichohama ni kitu.

Matokeo haya aliyachapisha mwaka 1921, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutua. Loewi alijua kazi ya Dale ya mwaka 1914, na angeweza kukiita kitu chake asetilikolini siku ile ile. Hakufanya hivyo. Alikiita Vagusstoff, yaani kitu cha vagusi, na kile kingine Acceleransstoff, kitu cha neva iharakishayo. Katika Kijerumani, Stoff ni neno la kila siku, lenye maana ya kitambaa na ya malighafi hali kadhalika. Jina hilo lilisema kitu kinakotoka, wala halikusema kitu hicho ni nini. Lilikuwa jina la kungojea. Sisi tunaounda istilahi hupenda majina yanayoeleza kiini cha jambo, na mara kwa mara hukieleza kabla hatujakijua. Matokeo yake ni maneno yanayolazimika kufutwa baada ya miaka 10. Loewi aliweka jina ambalo lisingekuwa la uongo hata kama dhana yake ingeanguka.

4.0 Kilichokuwa kikitoweka

Wapo waliolirudia jaribio wakafaulu, na wapo waliolirudia wasione kitu. Kwa miaka kadhaa tetesi zilikuwa nyingi kuliko sifa. Lawama hizo hazikuwa za chuki tu. Jaribio lilikuwa gumu kwa sababu halisi: kitu kilichotolewa na neva kilikuwa kidogo, na kilikuwa kikiharibika kabla hakijapimwa. Aina ya chura, majira ya mwaka na kiwango cha joto vyote viliweza kubadili matokeo, kwa kuwa katika baridi uharibifu huo huenda polepole zaidi. Loewi mwenyewe alikiri baadaye kwamba lau angelitafakari wazo lile mchana, angelikataa. Neva, angejiambia, hutoa kiasi kinachotosheleza msuli ulio mbele yake tu, hakibaki cha kumwagika katika maji. Bahati ilimkinga na busara yake.

Lakini hakutaka kusimama juu ya bahati. Pamoja na msaidizi wake, E. Navratil, alichapisha mwaka 1926 makala ambayo kwa maoni yetu ina uzito usiopungua ule wa makala ya 1921, ingawa haina ndoto ndani yake. Kichwa chake kilitaja hatima ya kitu cha vagusi. Neno walilolitumia, Schicksal, ni lile ambalo Mjerumani hulitumia kwa majaliwa ya mwanadamu. Walionyesha kwamba maji yaliyotokana na moyo wa chura uliosagwa huua nguvu ya kitu cha vagusi, na huua vile vile nguvu ya asetilikolini. Maji hayo yakipashwa moto, uwezo wake wa kuharibu hupotea. Kwa mwanakemia wa wakati ule, kitu cha mwilini kinachovunja kingine kwa wepesi, na kinachopoteza uwezo huo kwa joto, kilikuwa na jina la jamii yake tayari: kilikuwa kimeng'enya.

Silaha yao kuu ilikuwa eserini, ambayo pia huitwa fisostigmini. Moyo ukitiwa eserini, hata ikiwa kidogo mno, kimeng'enya huzuiwa, kitu cha vagusi hudumu, na athari ya neva huongezeka na kukawia. Ushahidi uliokuwa ukitoweka ukabaki mezani.

Eserini ina historia ya Kiafrika ambayo vitabu vingi huipita mbio. Hutoka katika mbegu za mmea utambaao unaoota katika nchi za Calabar, mashariki mwa Nigeria ya leo. Waefik wa huko waliziita mbegu hizo esere, na walizitumia kama watu wa nchi zetu walivyoutumia mwavi: mshitakiwa wa uchawi hunyweshwa, akifa, ana hatia, akitapika akapona, hana. Mbegu zilifika Edinburgh katika karne ya 19, na mwaka 1855 Robert Christison, bingwa wa elimu ya sumu, alitafuna kipande cha mojawapo ili aone, nusura imtoe roho. Kemikali yenyewe ilipotengwa katika miaka ya 1860, mojawapo ya majina yake mawili lilijengwa juu ya neno la Kiefik. Hivyo neno la baraza la kuapisha watu Calabar likapita katika Kilatini cha wauza dawa, likaingia maabara ya Graz na kukata shauri jingine, la kama neva hutumia kemikali au la. Wanafunzi wa mikopo ya maneno watuwie radhi kwa kutaja safari hiyo upesi hivi. Inastahili makala yake.

Mwaka huo huo wa 1926 mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia ulikutana Stockholm, Uswidi, na Loewi akaombwa alirudie jaribio lake mbele ya watu. Alilirudia mara 18 kwa moyo ule ule, na likafaulu. Mwaka 1929 Dale na Harold Dudley waliipata asetilikolini katika wengu wa ng'ombe na wa farasi, na hivyo ikajulikana kwamba ni kemikali ya asili ya mwili wa mnyama. Mwaka 1932 Edgar Stedman na wenziwe, waliofanya kazi na damu ya farasi, walikipa kimeng'enya jina la kolinesterasi. Mwaka 1936, Loewi na Dale walishirikiana Tuzo ya Nobeli ya fiziolojia au tiba. Kitu cha vagusi kilikuwa kimekwisha kupata jina lake la kudumu, na lile la kungojea likawekwa kando bila aibu.

5.0 Kadi ya posta

Usiku wa tarehe 11 Machi 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Loewi wakamtoa kitandani na kumpeleka jela. Wanawe wawili wadogo walifungwa pia. Alikuwa na umri wa miaka 64, ana Tuzo ya Nobeli, na aliamini kwamba atauawa. Alilolihofia zaidi, kwa masimulizi yake, ni kwamba matokeo ya jaribio lake la mwisho yalikuwa hayajachapishwa. Alimsihi mlinzi ampatie kadi ya posta na kalamu, akaandika muhtasari wa matokeo hayo, akaomba kadi ipelekwe kwa jarida la sayansi nchini Ujerumani. Alipojua kwamba imetumwa, moyo wake ukatulia.

Aliachiliwa baada ya miezi 2 hivi. Ili apate ruhusa ya kuondoka alilazimishwa kuamuru fedha za Nobeli, zilizokuwa katika benki ya Stockholm, zihamishiwe benki iliyo mikononi mwa Wanazi. Aliondoka Septemba 1938 hana kitu. Mkewe alizuiliwa nyuma hadi mali yake iliyokuwa Italia ikabidhiwe. Waliungana tena mwaka 1941. Loewi alipokewa London, kisha akafundisha Brussels. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikuwa mapumzikoni Uingereza, akabaki Oxford, na mwaka 1940 akavuka kwenda Marekani, ambako Chuo Kikuu cha New York kilimpa kazi.

Alipenda kusimulia kisa cha safari hiyo. Daktari aliyempima kwa ajili ya hati ya kuingia Marekani alimpa cheti ndani ya bahasha. Alipokitazama akaona kimeandikwa kwamba ni mzee aliyechakaa, asiyeweza kujipatia riziki. Ofisa wa bandarini, kwa bahati nzuri, hakukijali. Mzee huyo akaishi miaka 21 zaidi, akapata uraia mwaka 1946, akachaguliwa mwanachama wa kigeni wa Royal Society mwaka 1954. Majira ya joto alikuwa akiyapitisha Woods Hole, kijiji cha pwani chenye maabara ya viumbe wa bahari, akizungumza na vijana. Majaribio yake makubwa yalikuwa yamekwisha.

6.0 Kimeng'enya baada ya Loewi

Sehemu hii tutaifupisha, kwa sababu mengi yake ni ya wataalamu. Mwaka 1943 David Nachmansohn, mkimbizi mwingine wa Wanazi, pamoja na A. L. Machado, walikipata kimeng'enya kinachojenga asetilikolini, yule ndugu tuliyemtaja mwanzoni. Kwa miaka mingi chanzo kizuri cha kimeng'enya kinachovunja kilikuwa samaki watoao umeme, hasa yule wa jamii ya taa, ambaye ogani yake ya umeme imejaa kimeng'enya hicho. Mpangilio wa kimeng'enya cha samaki huyo ulisomwa kutokana na jeni yake mwaka 1986, wa binadamu mwaka 1990, na umbo lake likachorwa mwaka 1991. Likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mahali pa kuvunjia pako chini kabisa ya korongo jembamba na refu, na juu ya hayo kimeng'enya kimoja huvunja maelfu ya molekuli kwa sekunde moja.

Tangu miaka ya 1990 kimeng'enya cha binadamu kimekuwa kikitengenezwa kwa jeni zilizopandikizwa kama tulivyoeleza, na faida yake si uchache wa samaki tu. Anayetafuta dawa ya ubongo wa binadamu anataka kuijaribu juu ya kimeng'enya cha binadamu, chenye usafi ule ule leo na mwakani. Katika ugonjwa wa Alzheimer, neva za ubongo zinazotumia asetilikolini hufa, na baadhi ya dawa zinazotolewa, mojawapo donepezili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, hukizuia kimeng'enya ili asetilikolini kidogo iliyosalia idumu. Haziponyi ugonjwa, hupunguza makali yake kwa muda. Zinafanya katika ubongo kile ambacho eserini ilifanya katika moyo wa chura. Kadhalika dawa nyingi za kunyunyizia wadudu mashambani, zikiwemo zilizotumika katika pamba na kahawa ya Afrika Mashariki, huua kwa kukizuia kimeng'enya hiki, na ndiyo maana mkulima azinyunyiziaye bila kinga hutokwa na mate, macho humwota ukungu, na pumzi humpaa.

Njia inayotumika zaidi maabara kupima nguvu za kimeng'enya hicho ilitangazwa na George Ellman na wenziwe mwaka 1961. Kimeng'enya huwekwa pamoja na kitu kifananacho na asetilikolini. Kikivunja, maji hugeuka manjano, na wingi wa manjano ndio kipimo. Loewi alifariki New York mwaka huo huo, tarehe 25 Desemba, akiwa na umri wa miaka 88. Alizikwa Woods Hole.